JE, HASARA IMO KATIKA DAMU?

(Maneno ya Kamati ya Elimu mbele ya mkutano wa wanachama)



Mkutano uliopita tulisikia maneno mazito. Ilisemwa ukoo mmoja usipewe mkopo wa pembejeo, eti wana damu ya kubahatisha: huweka mahindi wakingoja bei, mwisho wanauza kwa hasara. Sisi wa Kamati tulitumwa tutazame sayansi inasemaje.

Ni kweli, ndugu, ubongoni kuna kemikali iitwayo dopamini. Ukipata faida usiyoitarajia, hupanda. Ukikosa uliyoitarajia, hushuka. Ndivyo ubongo unavyojifunza. Na zipo jeni, yaani chembe za urithi kutoka kwa wazazi, zinazoongoza kazi hiyo.

Mwaka 2014 wataalamu wa Marekani na Singapore walitangaza uchunguzi wao. Wanafunzi 217 wa Singapore walicheza mchezo wa kushindana. Kila mmoja anaweka sehemu ya mtaji aliopewa, bila kujua mwenzake ataweka kiasi gani. Aliyeweka zaidi anatwaa zawadi, na kilichowekwa hakirudi.

Ikaonekana watu hujifunza kwa njia mbili. Ya kwanza ni kurudia kilichokulipa jana. Ya pili ni kupima mwenzako atafanya nini kesho. Jeni za dopamini zinazotumika zaidi sehemu ya mbele ya ubongo zilihusiana na njia ya pili. Zile za sehemu ya ndani, na kasi ya kujifunza.

Sasa tusikilizane vizuri. Tofauti hizo zilionekana kwa kulinganisha watu wengi. Hazitoshi kumhukumu mtu mmoja, sembuse ukoo mzima. Hata watoto wa baba na mama mmoja hurithi jeni tofauti.

Tena, nani kati yetu hakuweka mahindi? Bei ilipopanda msimu mmoja, msimu uliofuata tuliweka sote. Tukafungua maghala wiki moja, bei ikaanguka. Hiyo ni damu ya nani? Sote tulikumbuka ya jana, hakuna aliyeuliza jirani atafanya nini.

Kwa hiyo tunaomba mambo mawili. Mkopo utolewe kwa kutazama shamba na daftari la marejesho, siyo jina la ukoo. Na kabla ya kuuza tukutane, kila mmoja aseme ana magunia mangapi na anataka kuuza lini.

Ushirika ni nguvu!