Swichi ya Kufungia Pikipiki: Imzuie Mwizi, Isimwangushe Dereva

(Mazungumzo kwa vikundi vya kujisaidia vilivyo na pikipiki, au vinavyofikiria kununua)



Leo hatutazungumza juu ya kuku wala mizinga ya nyuki. Tutazungumza juu ya kitu kidogo kinachotosha kwenye kiganja cha mkono: swichi ya ufunguo ya pikipiki. Mtu anaweza kuuliza, ofisi ya maendeleo ya kanisa na swichi wapi na wapi? Jibu ni hili. Mwaka 2008 serikali iliondoa kodi ya VAT kwa pikipiki ndogo za chini ya cc 250, na tangu wakati huo pikipiki zimejaa vijijini. Vikundi vingi vimewanunulia wanachama kwa mkopo. Sasa pikipiki ikiibiwa, mkopo hauibiwi nayo. Unabaki pale pale. Wanaolipa ni wadhamini, na mara nyingine kinachouzwa ni mbuzi wa mama mjane aliyetia sahihi kwa moyo mwema.

Kwa hivyo vikundi huenda kwa fundi wa jua kali na kumwambia, "Tutengenezee swichi ambayo mwizi hataiweza." Hilo ni wazo zuri. Lakini tunataka muende kwa fundi mkiwa na swali la pili: swichi hiyo ikiharibika usiku, pikipiki ikiwa mbioni na abiria yuko nyuma, itafanya nini? Swichi nzuri ina kazi mbili: imzuie mwizi, na isimwangushe dereva. Kama haiwezekani kupata yote mawili, afadhali tupoteze pikipiki kuliko tupoteze mtu.

SWICHI YA KAWAIDA INAFANYAJE KAZI?

Ndani ya swichi kuna sehemu mbili. Juu ni kufuli, ambalo huzunguka tu likipata ufunguo wake. Chini ni vibati vya shaba vinavyogusana au kuachana, na hapo ndipo umeme unapopita au kukatika. Hapo tuko pamoja, si ndiyo?

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo mafundi wengi hukosea. Pikipiki za petroli tunazozitumia zina njia mbili za kuwasha moto wa plagi, na kila moja huzimwa kwa namna yake.

Njia ya kwanza: kisanduku cha CDI hupata umeme kutoka kwa magineto, injini inapozunguka. Hakihitaji betri. Pikipiki ya aina hii huzimwa kwa KUUNGANISHA waya moja ya CDI na bodi ya pikipiki, yaani ethi. Ukifunga ufunguo, swichi inagusanisha waya hiyo na ethi, na moto wa plagi unakufa. Mnaona udhaifu wake? Mwizi hahitaji ufunguo. Akichomoa soketi ya swichi tu, waya haigusi ethi tena. Anapiga kiki na kuondoka.

Njia ya pili: CDI hupata umeme kutoka kwa betri kupitia swichi. Hii huzimwa kwa KUKATA umeme. Mwizi wa hii huunganisha waya mbili moja kwa moja, ile ambayo mafundi huita dairekti.

Kwa hivyo moja huzimwa kwa kuunganisha, na nyingine huzimwa kwa kukata. Fundi akizichanganya, hasara ni yenu. Akipeleka umeme wa betri kwenye waya ya kuzimia ya aina ya kwanza, anaweza kuunguza CDI. Akiunganisha waya ya betri ya aina ya pili na ethi, fyuzi inaungua, na kama hakuna fyuzi, waya zenyewe zinaungua.

Mtajuaje yenu ni ya aina gani? Simamisheni pikipiki nje, kwenye stendi kubwa, bila gea. Fungeni ufunguo, mchomoe soketi ya swichi, kisha mpige kiki. Ikiwaka, ni ya njia ya kwanza. Rudisheni soketi mara moja ili kuizima.

Pikipiki nyingi zilizotengenezwa China zina waya nne kwenye swichi: nyekundu inatoka kwa betri, nyeusi inapeleka umeme kwa taa na honi, nyeusi yenye mstari mweupe ni ya kuzima injini, na kijani ni ethi. Lakini msiamini rangi peke yake. Pikipiki ikishapita mikononi mwa mafundi watatu, rangi husema uongo. Pimeni kwa mita au taa ya kupimia.

TAA ZINAHITAJI SWICHI YENYE NGUVU

Tupige hesabu kidogo. Taa ya mbele ni wati 35. Taa ya nyuma wati 5. Taa ya breki wati 21. Indiketa mbili za upande mmoja, wati 10 kila moja, ni 20. Jumla ni wati 81. Gawanya kwa volti 12, unapata karibu ampea 7. Ongeza honi, unakaribia ampea 9. Balbu zenu zikiwa na wati tofauti, pigeni hesabu yenu kwa njia hii hii.

Kwa hivyo swichi ya ampea 3 au 5, ile ya redio au ya taa ya nyumbani, haifai kubeba taa zote za pikipiki. Chagueni ya ampea 15. Fyuzi iwe ya ampea 10, na ikae karibu na betri, kabla ya waya kufika kwenye swichi. Kwa nini karibu na betri? Kwa sababu ile waya hupinda kila dereva akikata kona, na siku moja itachubuka kwenye shingo ya usukani. Ikigusa chuma bila fyuzi nyuma yake, mtapata moto chini ya tangi la petroli.

Vibati vikiingia vumbi na kutu pia ni hatari. Vikizuia umeme kwa ohm 0.1 tu, na ampea karibu 7 zinapita, mtapata zaidi ya wati 4 za joto ndani ya kitu chenye ukubwa wa kidole gumba. Plastiki inalainika, vibati vinalegea, na taa zinaanza kufifia. Dereva akiwaambia, "Taa inazima nikipita kwenye matuta," msimwambie anunue balbu. Mwambieni fundi afungue swichi.

UFUNGUO NA KUFULI

Hapa tunataka vijana wanaotengeneza swichi wasikilize. Ndani ya kufuli la pikipiki kuna vibati vyembamba vyenye springi, na kila kimoja kinahitaji mtoo wake kwenye ufunguo. Kama kuna vibati 3, na kila kimoja kinaweza kuwa cha vimo 4, basi funguo tofauti ni 4 mara 4 mara 4, yaani 64 tu. Pikipiki 65 zenye kufuli la aina hiyo zikikusanyika siku ya soko, lazima mbili zifunguliwe na ufunguo mmoja! Vibati vikiwa 5, funguo tofauti zinafika 1,024. Ndiyo maana kabla ya kununua swichi ya bei rahisi, jaribuni funguo za majirani. Ikifunguka, rudisheni dukani.

Mambo mengine ya kutazama ni haya:

1. Ufunguo utoke tu swichi ikiwa imefungwa. Ukiweza kutoka ikiwa imewashwa, utaanguka njiani kwa mtikisiko.

2. Kila nafasi ya swichi ishikwe na gololi na springi, isijizungushe yenyewe kwenye barabara mbovu.

3. Kama kuna kufuli la usukani, dereva abonyeze ufunguo chini kwanza kabla ya kuuzungusha kufika huko. Usukani usifungwe kwa bahati mbaya hata siku moja.

4. Swichi iwe na kifuniko cha kuzuia mvua, na kitundu chini cha kutolea maji. Msimwagie oili chafu ya injini. Oili hiyo hushika vumbi, na vumbi hula vibati.

5. Nafasi tatu zinatosha. KUFUNGA: kila kitu kimezimwa. KUENDESHA: injini na taa. KUEGESHA: injini imefungwa, ufunguo umetoka, lakini taa ya nyuma inawaka ili lori lisiigonge pikipiki kando ya barabara. Balbu ya wati 5 hula chini ya nusu ampea, kwa hivyo betri nzuri ya ampea-saa 5 inaweza kuiwasha saa kadhaa. Msiiache usiku kucha.

SWICHI YA SIRI

Vikundi vingi huongeza swichi ya pili iliyofichwa. Tunakubaliana nao, lakini kuna kanuni moja ambayo tunaomba muiandike kwenye daftari: SWICHI YA SIRI IGUSE INJINI TU, ISIGUSE TAA.

Tumeona pikipiki ambazo swichi ya siri imewekwa kwenye waya kubwa inayotoka kwa betri. Kwa fundi hiyo ndiyo kazi rahisi. Lakini ile swichi ndogo ikilegea saa tatu usiku, injini inazima, taa ya nyuma inazima, indiketa zinazima, honi inanyamaza. Pikipiki inakuwa giza tupu katikati ya lami, na nyuma kuna lori. Na aliyebebwa labda ni mama anayekimbizwa kujifungua.

Kwa pikipiki ya njia ya pili, swichi ya siri ikate ile waya inayokwenda kwa CDI peke yake. Hiyo hubeba umeme mdogo kuliko taa. Ikiharibika, injini itazima, lakini taa zinazotumia betri zitabaki, na dereva ataweza kujisogeza kando akionekana.

Kwa pikipiki ya njia ya kwanza, swichi ya siri iunganishe waya ya kuzima na ethi. Muungano huo ufanywe karibu na CDI, ndani kabisa, si pale mbele ambapo mwizi anafika kwa mkono mmoja. Ikikatika ukiwa safarini, injini inaendelea. Lakini waya yake ikichubuka na kugusa bodi, injini itakufa, kwa hivyo ipitishwe kwenye mpira na kufungwa imara. Kumbukeni pia kuwa katika pikipiki nyingine taa ya mbele hutegemea magineto, na injini ikizima, taa hiyo inazima pia. Hizo zinahitaji uangalifu zaidi.

Siku hizi kuna pia vifaa vya kuzima injini kwa simu kutoka mbali. Kabla ya kukubali kimoja, ulizeni kama kinaweza kuzima pikipiki ikiwa inatembea. Kama kinaweza, kikataeni. Kinachotakiwa ni kuzuia isiwake tena baada ya kusimama.

Na siri iwe siri. Siri ya watu thelathini ni tangazo. Ajue dereva, ajue mhazini, ajue fundi mliyemwamini. Basi.

KABLA YA KUMLIPA FUNDI

Msilipe kwa kutazama tu. Fanyeni hivi, pikipiki ikiwa kwenye stendi na bila gea:

1. Washa injini, taa zote na honi pamoja kwa dakika kumi. Kisha gusa swichi na waya zake. Vuguvugu ni sawa. Moto si sawa.

2. Zungusha usukani kulia na kushoto hadi mwisho mara ishirini. Taa zisipepese, injini isikatike.

3. Tingisha ufunguo ukiwa ndani ya swichi. Kusitokee lolote.

4. Zima kwa swichi ya siri. Injini ife, na taa za betri zibaki.

5. Funga kila kitu, kisha mwambie fundi mwenyewe ajaribu kuiiba bila kuvunja chochote. Mpe dakika tano. Mtajifunza mengi.

Namba ya ufunguo iandikwe kwenye kitabu cha kumbukumbu cha kikundi, na ufunguo wa pili ukae kwa mhazini, usikae kwenye mnyororo mmoja na wa kwanza.

Ndugu zetu, hakuna swichi inayomshinda mwizi mwenye pikapu na vijana wanne wa kuinua. Mnyororo bado unatakiwa, na mahali pema pa kulaza pikipiki, na jirani anayeamka mbwa akibweka. Lakini wizi mwingi ni wa dakika mbili, na anayenyimwa hizo dakika mbili huenda zake. Tumnyime. Tumnyime kwa njia ambayo kijana wetu anayeendesha atarudi nyumbani mzima.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Pikipiki yetu ni ya njia ya kwanza au ya pili? Nani ataipima, na lini?

2. Swichi yetu ya siri, kama tunayo, imewekwa kwenye waya gani? Ikikatika usiku, ni taa gani itabaki?

3. Pikipiki ikiibiwa, mkopo utalipwa na nani? Je, wadhamini wote wanajua hivyo?

Mungu awabariki, na awalinde walio barabarani.