Mtandao wa Nyumbani Uvuke Ukuta

Ndugu wakazi wa kata za Mji wa Babati, kuanzia Bagara hadi Singe,

Nyumba yenye waifai huwa na kasoro iliyozoeleka. Mawasiliano ni mazuri sebuleni, hufifia kwenye jiko la nje, na hukatika kabisa bandani, kwenye kibanda cha biashara au getini. Hapo mwenye nyumba huwasha bando la simu. Kaya hiyo hulipia intaneti mara mbili: ya mwezi ndani ya nyumba, na ya siku uani.

Mara nyingi chanzo ni ujenzi, wala si uhafifu wa huduma. Waifai ni mawimbi ya redio. Ukuta wa matofali huyapunguza nguvu, bati huyarudisha yalikotoka, na tangi lililojaa maji au migomba iliyolowa mvua huyanyonya. Ndiyo maana banda la mabati, hata likiwa hatua ishirini tu kutoka sebuleni, laweza kukosa mtandao.

Wengi hudhani dawa ni kununua ruta yenye nguvu zaidi. Dhana hiyo ina upungufu, kwa kuwa mawasiliano ni majibizano. Ruta ikipaza sauti, simu itaisikia. Lakini simu yenyewe haina nguvu ya kujibu kutoka umbali ule ule. Alama ya mtandao itaonekana kwenye kioo, na ujumbe hautakwenda.

Hatua ya kwanza haina gharama. Ruta iondolewe nyuma ya televisheni, iwekwe juu, karibu na dirisha linaloelekea uani. Kwa matumizi ya nje yachaguliwe masafa ya gigahezi 2.4, ambayo hupenya kuta na kufika mbali kuliko ya gigahezi 5, ingawa kasi yake ni ndogo.

Hilo lisipotosha, waya ndio uvuke ukuta badala ya mawimbi. Waya wa mtandao hufikisha mawasiliano hadi mita 100. Mwisho wake hufungwa kifaa cha kurushia mawimbi kilichotengenezwa kwa matumizi ya nje, chenye alama ya IP65 au zaidi, yaani kinachostahimili vumbi na maji ya mvua. Vikuza mawimbi vya kuchomeka ukutani ni nafuu, lakini vingi hupokea na kurusha kwa masafa yale yale, hivyo kasi yaweza kushuka hadi nusu. Anayevitumia aviweke mahali ambapo mtandao bado ni mzuri, si pale ulipokwisha kukatika.

Hadhari ya radi isipuuzwe. Waya unaotoka nje waweza kuiingiza radi hadi sebuleni. Kifaa kifungwe chini ya upenu, si juu ya mlingoti. Kikilazimika kupanda juu, fundi umeme akiwekee kinga na waya wa ardhini. Dalili za radi zikionekana kwa mbali, vifaa vichomolewe mapema.

Jirani naye akumbukwe. Katika gigahezi 2.4, chaneli zisizoingiliana ni tatu tu kwa kawaida: 1, 6 na 11. Nyumba zinazopakana zikigawana chaneli hizo kwa makubaliano, zote hunufaika. Aidha, mtandao unaofika uani hufika pia barabarani. Uwekewe neno la siri refu na ulinzi wa WPA2 au WPA3, na wateja au wageni wapewe mtandao wao wa pembeni. Vifaa vinunuliwe vile vilivyoidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA.

Kabla ya kutoa fedha, kila mwenye nyumba azunguke uani na simu yake, akijaribu kutuma picha kila baada ya hatua chache. Mahali picha inapogoma kwenda ndipo pa kumwonyesha fundi.