Okestra ya Nyanda za Kati



Neno okestra likitajwa Majengo, fikira za wengi hukimbilia Ulaya: ukumbi mkubwa, fidla nyingi, na kazi za watunzi waliokufa zamani. Fikira hiyo ina upungufu wa namna mbili. Kwanza, huko huko Ulaya ziko okestra ndogo ambazo kazi yake hasa ni kupiga muziki mpya wa watunzi walio hai. Pili, nyanda za kati zina okestra yake, nayo haijaacha kutunga.

Mwaka 1976, mtunzi Pierre Boulez alianzisha mjini Paris kundi liitwalo Ensemble intercontemporain, lenye wapigaji 31. Watunzi huagizwa kuandika kazi mpya, na wapigaji hulipwa ili wazijifunze barabara. Kundi hilo haliishi kwa viingilio vya mlangoni, bali hupata ruzuku ya Wizara ya Utamaduni ya Ufaransa na ya Jiji la Paris. Wafaransa waliamua kwamba muziki usio na wasikilizaji wengi nao ni mali ya taifa.

Dodoma je? Wagogo wana zeze, wana marimba waiitayo ilimba, wana filimbi, na wana ng'oma za muheme zipigwazo na kina mama. Wana pia uimbaji wa sauti nyingi zinazopishana bila kugongana. Mpangilio wa sauti zao hufuata zile zizaliwazo na uzi mmoja unapotetemeka, kuanzia ya nne hadi ya kumi. Ya saba kati ya hizo haimo katika piano ya kawaida. Basi mwalimu ampimiaye mtoto kwa piano, kisha akamwambia kwamba ameimba vibaya, huenda mwenye kosa ni yeye.

Hukwe Zawose, aliyezaliwa Doduma mwaka 1938, aliipeleka sauti hiyo duniani. Alikuwa katika kikundi cha taifa cha ngoma, akafundisha Chuo cha Sanaa Bagamoyo, na mwaka 2002 akatoa albamu ya Assembly pamoja na Michael Brook wa Kanada. Alifariki mwaka 2003. Jirani yetu wa Uganda, Justinian Tamusuza, alipita njia nyingine. Mwaka 1988 aliwaandikia wapigaji wanne wa fidla, viola na selo kazi yenye mapigo ya Kiganda, na Kronos Quartet ya Marekani ikaitia katika albamu yake ya mwaka 1992. Aliweza kwa sababu alijua yote mawili: muziki wa kwao na uandishi wa noti.

Mwalimu Nyerere alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwaka 1962, alisikitika kwamba wasomi walijua ngoma za wageni kuliko za kwao. Masikitiko hayo hayajapitwa na wakati. Chamwino limekuwako Tamasha la Muziki wa Wagogo tangu mwaka 2009, lakini tamasha ni la siku chache, na malezi ya mpiga zeze ni ya miaka.

Yuko atakayeuliza: shule yenye upungufu wa madawati itapata wapi fedha za okestra? Zeze ni kibuyu, ngozi, mti na nyuzi. Ilimba ni sanduku la mbao na vipande vya chuma. Kilicho ghali ni muda wa fundi. Mzee aitwaye shuleni kufundisha na alipwe posho kama mkufunzi, asirudishwe nyumbani kwa soda na makofi. Na mwanafunzi afundishwe kuandika anachokisikia, ili naye atunge.

Majengo panafaa kuanzia. Hapo mtoto wa Kigogo na mtoto wa mtumishi aliyehamia kutoka mkoa mwingine hukaa dawati moja. Wazee wenye ujuzi huo hawatakuwapo daima, na fundi akizikwa kabla ya kupata mwanafunzi, hakuna bajeti itakayomrudisha.