Daftari Moja, Uamuzi Mmoja

(Hotuba iliyotolewa kwenye mkutano wa wanafunzi wa zamani, Mkula)



Nimeombwa nieleze jinsi kompyuta nyingi zinavyokubaliana hata baadhi yake zikizimika. Naomba nianzie kwenye pamba, maana hiyo twaijua sote.

Nikiwa mtumishi kijana nilitumwa kusuluhisha ugomvi katika chama kimoja cha wakulima. Kamati yake ilikuwa na wajumbe 5. Wakaongezwa 4 kwa mara moja, na habari haikuwafikia wote. Wajumbe 3 wenye daftari la zamani walikubali kumwuzia pamba mnunuzi mmoja. Mjumbe 1 wa zamani na wale 4 wapya, wenye daftari jipya, wakamkubali mwingine. Watatu kati ya 5 ni wengi. Watano kati ya 9 ni wengi. Hakuna aliyedanganya, wala hakuna aliyehudhuria vikao vyote viwili. Wakulima walingoja fedha zao msimu mzima, na watoto wengine walikosa ada.

Kompyuta nazo ni hivyo hivyo. Hesabu za fedha zikitunzwa katika mashine 5, yatosha 3 zikubaliane. Mbili zikizimika, kazi yaendelea. Siri ni kwamba makundi yoyote mawili ya watatu kati ya watano hayakosi mjumbe wa pamoja, naye ndiye shahidi wa lililoamuliwa kwanza. Orodha ikibadilishwa ghafla, shahidi huyo aweza kukosekana.

Mwaka 2014 Diego Ongaro na John Ousterhout wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walichapisha utaratibu uitwao Raft. Katika kipindi cha kubadilisha orodha, kila uamuzi wahitaji wingi katika orodha ya zamani na wingi katika orodha mpya. Sisi nasi twalifahamu jambo linalofanana na hilo: mwaka huo huo, Bunge Maalum la Katiba lilitakiwa kupata theluthi mbili ya wajumbe wa Bara na theluthi mbili ya wajumbe wa Zanzibar, kila upande ukihesabiwa peke yake. Wingi wa upande mmoja haukuweza kumeza upande wa pili.

Ndugu wanafunzi, kesho mtakabidhiwa madaftari ya vijiji, vyama na ofisi. Mkitaka kubadili wajumbe, ongezeni au ondoeni mmoja mmoja, au pateni kwanza idhini ya orodha zote mbili. Haraka ya siku moja yaweza kula jasho la msimu mzima.