Mchuuzi, Siku za Mwezi na Tansio

Wamama wenzangu wa soko, na ninyi wababa mnaopakiza mizigo bandarini, leo hatutasema juu ya malaria wala kuhara. Tutasema juu ya ugonjwa usioleta homa, ambao mara nyingi hauumi hata kidogo, na mtu anaweza kuuza naye sokoni miaka mingi bila kujua.

Ninyi wa Baraka na Fizi mnajua namna ndagala wanavyokamatwa. Wavuvi wanatoka usiku na taa, ndagala wanafuata mwanga, wavu unawapandisha. Lakini mwezi ukijaa, ziwa lote lina mwanga, taa haina kazi tena, na mitumbwi inalala mchangani. Karibu juma moja hakuna mali. Mwenye kuuza nguo naye anakaa bure, mwenye mawese vilevile, juu ya mnunuzi wao ni yule yule mvuvi. Lakini zamu ya likelemba haingojei mwezi, na franga za masomo hazingojei. (Wenzetu wa Kigoma waliona zaidi mwaka 2024, pale Tanzania ilipofunga uvuvi wa ziwa tangu 15 Mei hadi 15 Agosti.)

Sasa tuangalie mwili. Ukikutana na nyoka shambani, moyo unapiga mbio, mishipa inakazwa, ini linaingiza sukari katika damu, upate nguvu ya kukimbia. Nyoka akienda zake, mwili unatulia. Deni haliendi. Linalala nawe kitandani, na moyo unaendelea kupiga kama vile nyoka yuko mlangoni.

Watu husema, «Tansio inaletwa na mawazo.» Hiyo ni nusu ya kweli. Kuna mtu asiye na deni lolote na tansio anayo, juu ya umri, unene au ukoo wake. Lakini mwenye mahangaiko halali, hali asubuhi, jioni anatafuta bia au lotoko apate usingizi. Mambo hayo ndiyo yanayopandisha damu. Pombe inakulaza haraka, kisha inakuamsha saa nane ya usiku, na hesabu ya madeni inaanza upya.

Kwa hiyo, mama, usitoke nyumbani na tumbo tupu. Bugali kidogo cha jana na sombe kinatosha. Anayeshinda na chai ya sukari tu, saa sita mikono inatetemeka, anagombana na wanunuzi, na jioni anakula chakula cha watu wawili. Chumvi ya siku nzima, pamoja na ile iliyo ndani ya kubu za mchuzi, isizidi kijiko kimoja kidogo cha chai. Ndagala waliokaushwa na jua bila chumvi ni chakula kizuri sana. Samaki ya chumvi, mloweke kwanza na umwage yale maji.

Madeni, yaandike katika daftari kabla giza halijaingia: nani anakudai, nani unamdai, siku gani. Kisha funga daftari, na telefone iache mbali na kitanda. Asiyejua kuandika amwambie mtoto wa shule. Deni lililoandikwa halihitaji kukumbukwa usiku kucha, na mtu mzima anahitaji usingizi wa saa 7 hivi. Na kwenye likelemba semeni wazi: zamu ya kulipa isianguke katika siku za mwezi.

Kutembea? Wengi wenu mnanipita kwa kutembea. Ninamwambia yule anayekaa nyuma ya meza ya duka tangu asubuhi: tembea nusu saa kila siku.

Jambo moja linanikasirisha. Kichwa kikiuma, mnanunua ibuprofeni au diklofenaki pale sokoni, kati ya sabuni na kiberiti, mnameza kila siku. Vidonge hivyo vinachoma tumbo, vinaumiza figo, na vinaweza kupandisha tansio ile ile.

Siku za mwezi, wakati hamna mali, njooni mpimwe. Ikionekana 14 kwa 9 au kupita, na tena siku nyingine vilevile, hiyo ni tansio. Ukipewa dawa, usiiache kwa sababu unajisikia mzima. Unajisikia mzima kwa sababu unaimeza.

Na mtu akipinda mdomo ghafula, mkono ukilegea, au maneno yakivurugika, msiseme amerogwa na mwenye wivu wa soko. Msimpe maji wala kidonge. Mlazeni ubavu, mtafute pikipiki au gari saa hiyo hiyo, mtu mmoja amshike vizuri njiani. Angalieni pia ni saa ngapi alionekana mzima mara ya mwisho, kwani tutawauliza hilo mlangoni.