Rahisi Ghali? Neno kwa Kijana Anayeanza Nyumba Eastlands

Leo sitaongea juu ya vitambulisho wala polisi. Leo ni mambo ya nyumbani kwako: sufuria, ndoo, pasi, waya wa stima. Najua wengi wenu ndio mnatoka kwa mzee, mmepata chumba Kayole, Huruma au Umoja, na mfukoni kuna elfu kumi na tano ya kuanzia maisha. Swali mnaloniuliza kila mara ni hili: hizi mali za China za bei ya kutupa, tununue au tuziache?

Kabla sijajibu, sikiliza kisa. Ramadhani moja tulikuwa kwa shangazi yangu, wakati wa daku. Kettle iko kwa moto, mtu mwingine anapiga kanzu pasi, na vyote vimechomekwa kwenye ekstensheni moja aliyoinunua soo tatu. Tukaanza kusikia harufu ya plastiki inaungua. Kufika pale, ile ekstensheni imeyeyuka kama mshumaa, na godoro walilolalia watoto liko hatua mbili tu. Mjomba akakimbia kuzima stima mitani. Alhamdulillah, hakuna aliyeumia. Asubuhi shangazi akairudisha dukani. Muuzaji akamwonyesha karatasi ukutani: mali ikishauzwa hairudi. Shangazi akarudi nyumbani kimya. Kilichoniuma si ile soo tatu. Ni ule ukimya wake, kana kwamba mtu wa pato dogo hana la kudai.

Sasa nijibu. Usidanganywe na mtu anayesema kila cha bei ya chini ni takataka. Mnakumbuka mwaka 2023, China Square ilipofunguliwa pale Unicity Mall, Thika Road? Watu walipanga foleni. Wafanyabiashara wetu wakaandamana mjini Februari 28 wakisema bei zile zinawaua. Duka lilifungwa kwa muda, kisha likafunguliwa tena. Kila upande ulikuwa na hoja yake. Mama mwenye watoto watano anataka beseni la bei nafuu, na hilo si kosa. Kijana wa Kamukunji naye ana kodi ya kulipa. Lakini kelele zote zilikuwa za bei. Wewe uliza swali jingine: kikiharibika, kitaharibika na nini?

Hapo ndipo ugawanye vitu vyako mafungu mawili.

Fungu la kwanza ni vitu ambavyo vikivunjika vimevunjika tu. Ndoo, beseni, hanga, mapazia, vikombe, zulia la mlangoni. Hapo tafuta bei ya chini kabisa, Eastleigh au Gikomba, na usione haya. Lakini piga hesabu hata hapo. Ukinunua sufuria nyepesi ya mia tatu kila baada ya miezi minne, kwa miaka miwili umetumia elfu moja na mia nane. Ile nzito ya elfu moja ingekuwa bado iko jikoni. Na kwa karai, jiko la makaa au sanduku la bati la shule, pitia kwanza kwa mafundi wa jua kali Kamukunji. Pale unamwona aliyekitengeneza, na mpini ukilegea unajua pa kumpata.

Fungu la pili ni vitu vinavyogusa stima, gesi, chakula cha moto na mtoto mchanga. Ekstensheni, pasi, kettle, shawa ya umeme, mpira wa gesi na kichwa chake, chupa ya mtoto. Hapa usibahatishe. Ni afadhali ukae mwezi mmoja bila pasi kuliko kununua ya kukuchomea nyumba. Na ploti zetu mnazijua: chumba chako kikishika moto, jirani wa juu na wa kando wako ndani ya moto huo huo.

Utajuaje? Kwanza, tafuta stika ya ISM ambayo KEBS hutoa kwa bidhaa za nje. Ina namba, na namba hiyo unaweza kuithibitisha na KEBS kwa simu yako. Pili, beba kisumaku kidogo. Kikinata kwenye pini za plagi, hizo ni chuma kilichopakwa rangi ya shaba, si shaba. Tatu, pima waya kwa mkono. Ukiwa mwembamba na mwepesi kama uzi wa chaja, usiutwike pasi. Nne, fahamu kwamba hata ekstensheni nzuri ina kikomo. Stima yetu ni volti 240, na plagi ya ampea 13 inabeba wati 3,120 tu. Kettle ya 2,000 na pasi ya 1,200 tayari zimepita.

Sasa lile la ukimya. Katiba ya 2010, Kifungu cha 46, inakupa haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa, haki ya kupewa habari juu yake, na haki ya kulipwa fidia ukipata hasara au ukiumia kwa sababu ya kasoro yake. Haisemi mteja tajiri. Inasema mteja. Ile karatasi ukutani haiwezi kufuta Katiba. Kwa hivyo dai risiti, hata ya soo mbili. Muuzaji akisema hana, mwambie aandike kwa mkono au lipa kwa M-Pesa ubaki na ujumbe. Akikataa kukusikiliza, iko Mahakama ya Madai Madogo, inayosikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, na huhitaji wakili kuingia.

Na wewe unayeuza, maana najua wengi mko kwa maduka ya Eastleigh na vibanda vya Gikomba: kama unajua ule waya si shaba, sema. Sheria yetu ya dini inampa mnunuzi haki ya kurudisha kitu akikuta aibu iliyofichwa. Faida ya mia moja haifai kuwa juu ya godoro la watoto wa mtu.

Kwa hivyo jibu langu ni hili. Nunua cha bei nafuu pale kinapoweza kuvunjika bila kumuumiza mtu. Pale kinapoweza kuua, subiri, changa, ununue kizuri. Na ukiuziwa kibovu, usirudi nyumbani kimya.

Leo jioni, kabla ya kulala, shika ekstensheni yako kwa mkono. Ikiwa moto, ichomoe.