Usiuonee Mche Huruma
(Hotuba ya mwenye kitalu kutoka Munuki, Juba, aliyoitoa Kakuma katika Siku ya Wakimbizi Duniani, 20 Juni)



Nashukuru kwa kualikwa. Kiswahili changu nilijifunzia katika kambi hii iliyofunguliwa mwaka 1992, na leo nakitumia Munuki kuwauzia miche Waganda, Wakenya na Wakongo. Kamati imeniomba niseme juu ya miche ya matunda, maana wako wanaojiandaa kurudi nyumbani, na wako wanaopanda hapa hapa kando ya bomba.

Neno langu ni hili: kata kabla ya kupanda. Mteja huchagua mche mrefu wenye majani mengi, akaupakia kwenye pikipiki, akaupanda kama ulivyo. Baada ya wiki mbili anarudi kunilaumu kwamba nimemuuzia mche mgonjwa. Majani hupoteza maji mchana kutwa, na mizizi iliyokatika au kutikisika haiwezi kuyarudisha upesi. Mche hufa kwa kiu hata kama udongo una maji.

Anzeni chini. Pasueni kifuko cha plastiki kwa wembe, msiuvute mche kwa shina. Mche uliokaa sana kitaluni, mizizi yake huzunguka chini ya kifuko kama kamba. Ikateni hiyo iliyojizungusha. Ukiiacha, itaendelea kuzunguka ardhini, na mti mkubwa unaweza kuangushwa na upepo ukiwa tayari unazaa.

Ndipo mje juu. Ukikata mizizi mingi, punguza majani karibu nusu. Huna haja ya kuling'oa jani zima, kata nusu yake tu. Kama mizizi haikuguswa, punguza kidogo. Ondoeni matawi yaliyovunjika na yanayosuguana. Mche wa mwembe uliopita mita moja, ukateni kichwa kwenye sentimita 70 hivi, kisha mwachie machipukizi matatu au manne yaliyoelekea pande mbalimbali. Mwembe wenye majani mapya mekundu, laini, usiuhamishe, ngoja yakomae. Maua nayo yatoeni, ingawa najua inauma. Mpapai haumo katika habari hii, kichwa chake kiacheni.

Mchungwa una jambo lake. Mara nyingi umeunganishwa juu ya shina la mlimao mkali. Chipukizi lolote linalotoka chini ya kiungo likateni mara moja, na kiungo kisifukiwe na udongo. Nimeitwa Gudele kuona mchungwa "uliogeuka mlimao". Haukugeuka. Mlimao wa chini uliachwa ukakua, ukaufunika mchungwa wenyewe.

Mkasi uwe mkali, na kila mche ukiisha upitisheni motoni au kwenye dawa ya kusafishia, usije ukahamisha ugonjwa. Panga halifai, linaponda.

Sasa ndugu wa mashirika, mniwie radhi. Juba mvua huanza kwa kawaida mwezi wa Aprili na huisha karibu Novemba. Nimeona miche ikigawiwa Novemba, labda kwa sababu fedha za mwaka zinamalizwa. Mche wa Novemba unaingia kwenye kiangazi bila mizizi, hata ukiupogoa vizuri. Leteni Aprili au Mei, na kwa kila kikundi leteni mkasi mmoja wa kupogolea. Miche mia bila mkasi ni hasara.

Mzee mmoja ameniuliza asubuhi: nipande mti wa nini, na sijui nitakaa wapi mwakani? Swali lake ni zito. Mwembe uliounganishwa huanza kuzaa baada ya miaka mitatu hadi mitano, na wa mbegu huchelewa zaidi. Watu wa Juba walikimbia Desemba 2013, wakakimbia tena Julai 2016. Mimi nilimwambia aweke miwili kwenye vifuko vikubwa, aipogoe iwe mifupi, aimwagilie maji ya kunawia. Akipata ardhi, ataipanda. Akiondoka kabla ya hapo, yupo jirani.

Miche kumi ya ndimu iko pale kivulini, na mikasi tunayo miwili. Akina mama watangulie, kila mmoja akate mmoja mbele yangu.